Vidonge vya Wazee

Juzi kwenye duka la dawa pale Mabawa, jamaa mmoja alikuwa amejishika kiuno, jasho linamtiririka. Jiwe la figo. Dada muuzaji akasoma karatasi ya daktari. "Vidonge hivi wanatumia sana wazee wa tezi dume, ila na wewe vitakulegezea njia, jiwe lishuke na mkojo."

Jamaa akatutupia jicho sisi wa foleni, kisha akamgeukia dada. "Dada, mie nna wake wawili. Nipe za maumivu tu."

"Kaka yangu, jiwe halijui una wake wangapi."

Tukacheka. Akachukua za maumivu tu. Mie nimeishia darasa la sita na nilimwelewa dada vizuri. Huyu mwanamume kakimbia uzee, katoka amepinda mgongo, anajishikiza ukutani, na binti aliyepishana naye mlangoni akamwamkia: "Shikamoo, babu."