Dakota ya Muaither

Wapangaji wa nyumba moja ya Muaither, pembezoni mwa Doha, walipomwona mwenzao Maurice akirudi kutoka kazini na mfuko wa makopo matupu ya soda, walidhani anauza chuma chakavu. Alikuwa mlinzi katika mnara mmoja wa ofisi huko West Bay, mtu mkimya wa kutoka Webuye, Kenya. Kabla ya kuja Doha aliwahi kuosha injini za ndege za misaada kule Lokichoggio, na ndege moja kuukuu aina ya Dakota ilimkaa moyoni. Mwaka 2015 akaanza kuunda mfano wake, mkubwa wa kumshangaza mtu, ndani ya kibanda cha bati juu ya paa. Alitegemea kumbukumbu na picha chache za simu.

Mifupa ya mabawa aliichonga kwa plaiwudi iliyotupwa na mafundi wa ofisi, na ngozi akaifanya kwa makopo aliyoyapasua na kuyanyoosha. Lakini zilizomla roho ni zile injini mbili. Kila moja ilikuwa na silinda kumi na nne, zimepangwa kwa maduara mawili, na kila silinda aliivisha pete nyembamba za kupozea, moja moja, kwa koleo na miwani. Nyuma ya kila injini alificha mota ya waipa ya gari. Ukibonyeza swichi, propela zinazunguka polepole. Hakuikusudia iruke. Alitaka tu kuiona imesimama.

Cyrus, waliyelala naye chumba kimoja, hakuipenda. "Ndugu yangu," alimwambia, "ukijenga ndege juu ya paa la Mwarabu, siku moja utaulizwa inaenda wapi."

Maurice alicheka. Kisha ikaja Juni 2017, nchi jirani zikaifungia Qatar mipaka, watu wakagombania maziwa madukani, na helikopta zikawa zinapita chini chini. Hakucheka tena.

Mwezi huo huo mtu aitwaye Fabian alihamia kitanda kilichokuwa wazi chumbani mwao. Alisema anafunga kamera za ulinzi, ingawa hakuna aliyemwona na sare. Siku ya kwanza kupanda paani aliizunguka ndege kimya, kisha akapiga magoti akaichungulia chini ya tumbo. Injini hakuzitazama kabisa, na hilo lilimkera Maurice kabla halijamtisha.

"Hii ukiiwekea mota za kweli itabeba kilo ngapi?"

"Haibebi kitu. Ni ya kutazama."

"Lakini ikibeba?"

Tangu hapo akawa anarudia swali hilo kwa namna nyingine kila waliponawa mikono pamoja. Mara yuko mtu anayeitaka. Mara mtu huyo hapendi kuulizwa jina. Maurice alinunua kufuli.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko ambayo hata Wakristo wa Doha husali, alitoka kanisani mchana akakuta kufuli linaning'inia, halijavunjwa, limefunguliwa. Ndege ilikuwa mahali pake. Tumbo lake lilikuwa limekatwa shimo la mraba, kingo zimepigwa msasa zikawa laini, na ndani kimefungwa kisanduku kitupu chenye kifuniko cha kufungukia chini. Mota zake za waipa zilikuwa sakafuni. Nyingine mpya, nzito, zilikuwa zimefungwa badala yake nyuma ya zile silinda.

Akamwita Cyrus.

"Tukaripoti," Maurice alisema.

Cyrus alifungua kifuniko cha kisanduku, akakirudisha. "Tukiripoti, ndege ni ya nani?"

Maurice alichukua msumeno akaanza na bawa la kushoto. Plaiwudi ililia. Miaka miwili ya Ijumaa zake ilimwagika sakafuni huku jasho likimwingia machoni, na alipofika kwenye injini mkono ulikataa, ikabidi Cyrus azipige nyundo yeye. Walipogeuka, Fabian alikuwa mlangoni. Hawakujua alisimama hapo tangu lini.

Hakufoka. "Umeharibu kitu ambacho hakikuwa chako peke yako," alisema taratibu, kama anayemwonya mtoto. Akaziokota zile mota mpya, akazipangusa kwa shati lake, akashuka. Kabla ya magharibi kitanda chake kilikuwa kitupu.

Wiki chache baadaye askari kanzu, wasiovaa sare, walikuja wakimtafuta Fabian. Walipomkosa, waliondoka na Maurice. Walimweka mchana kutwa katika chumba chenye baridi, wakimwonyesha picha za ndege yake zilizopigwa kibandani, yeye mwenyewe akiwa ndani ya picha ameinama juu ya injini, hana habari. Aliwaeleza kila kitu, pamoja na msumeno. Wakamwachia bila kumweleza lolote.

Alikaa Doha miaka miwili zaidi, akibadilisha njia ya kurudi nyumbani kila mara gari lisilofahamika lilipoegeshwa karibu na lango. Kile kisanduku kilikusudiwa kubeba nini, hakujua kamwe. Mara moja Cyrus alimuuliza kama angejenga nyingine.

"Paani kuna joto," Maurice alijibu, akaendelea kukunja sare yake.