Gitaa la Kahawia la Kibaigwa

Ukitaka kucheka, cheka mwishoni, usinikatize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, nikiwa mzima, sijanywa hata soda. Tena haikuwa usiku wa manane kama mnavyopenda ninyi. Ilikuwa alasiri, jua linachoma, sokoni Kibaigwa, malori yanapakia mahindi na wapagazi wanatukanana kama kawaida yao.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, bendi yetu ya Dodoma ilikuwa imeshakufa. Ilikuwa bendi ya shirika la umma, na mwanamuziki wa shirika hakuwa na chake. Gitaa la shirika, spika za shirika, hata shati la jukwaani unalivua ukiondoka. Ukitunga wimbo, unamfundisha kila mwenzako sehemu yake kwa kumwimbia, na ukishawafundisha, wimbo si wako tena, ni wa bendi. Hatukuona ubaya wowote. Shirika lilipoyumba, vyombo vikafungiwa stoo, sisi tukabaki na vidole.

Mimi nilibaki na kitu kimoja zaidi. Mke wangu Zainabu, siku zake za mwisho kitandani kwetu Nkuhungu, alikuwa akiimba puani, taratibu, bila maneno. Alipofariki sikuwa na picha yake hata moja ya maana. Ile sauti ndiyo iliyonibakia. Nikaigeuza bluzi, kidogo kidogo, kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, la kuazima, na sikumpigia mtu yeyote. Nikiipiga siku zile, wallahi, nilikuwa namsikia chumba cha pili. Kulia nililia, sikufichi.

Basi hoteli moja mjini ikawa inatafuta mpiga bluzi wa kuwaburudisha wageni wakati wa vikao vya Bunge. Sharti lao moja: uje na gitaa lako. Nani alikuwa na lake? Rafiki yangu Rashidi, dalali wa mahindi, akaniambia amesikia kuna mtu kaleta magitaa mawili ya mtumba Kibaigwa, kwenye ghala la nyuma ya soko, anayatoa kwa bei ya kutupa. Tukadandia lori pamoja, na tulipofika yeye akabaki sokoni na wapagazi.

Mwenye magitaa nilimkuta amekaa juu ya magunia. Shati jeupe, limenyooka pasi, halina hata chembe ya vumbi. Kibaigwa ile, msimu wa mahindi! Hapo hapo ningegeuka nikaondoka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye magitaa. Yote mawili yalikuwa ya aina niliyokuwa naiota: la umeme, lina uwazi tumboni, ila katikati limepitishiwa gogo ili lisipige yowe likikaribia spika. Kwa bluzi hakuna kama hilo, atakayekubishia mlete kwangu.

Nikayachomeka kwenye amplifaya yake ndogo ya betri, moja baada ya jingine. Jekundu lilikuwa na shingo nyembamba, vidole vinateleza vyenyewe. Lakini sauti yake kali, na ukiuvuta uzi, noti inakukimbia. Nyuzi zenyewe zinalegea kabla hujamaliza wimbo, ugonjwa wa magitaa rahisi huo. La kahawia lilikuwa zito, shingo nene, pikapu moja, ile sumaku ya kunasa sauti ya nyuzi, inakwaruza. Ila ukibonyeza noti, inakaa. Inakungurumia tumboni, inakungoja.

Sasa gitaa hulijui mpaka umsikie mwingine akilipiga, wewe uko mbali. Nikazima amplifaya kuokoa betri, nikampa la kahawia. "Nipigie kidogo, kaka, mimi nisikilizie mlangoni."

"Sina wimbo," akasema, taratibu. "Nifundishe wako."

Nikamtazama vidole. Vya mkono wa kushoto vilikuwa laini, kama vya mtoto mchanga. Mpiga gitaa yeyote ana sugu kwenye ncha za vidole, ndiyo kitambulisho chetu. Nikajisemea, huyu mchuuzi tu, hajui kupiga, nimpe kitu chepesi. Na katika nyimbo zote za dunia, kilichonijia mdomoni ni kipi? Niambie, ni kipi? Nikamwimbia sauti ya Zainabu, sehemu kwa sehemu, kama tulivyozoea kwenye bendi.

Akaipiga. Mara ya kwanza tu, bila kukosea. Amplifaya imezimwa, taa yake haiwaki, lakini gitaa lilijaa ghala zima. Na jekundu, lililoegemezwa kwenye magunia bila mtu, likaanza kumjibu.

Halafu akafika mahali ambapo Zainabu alikuwa akikatika kwa kikohozi, kisha anaendelea. Kile kikohozi sikukitia kwenye wimbo. Sikumwambia mtu. Yeye akanyamaza palepale, kwa urefu uleule, kisha akaendelea.

"Inatosha," nikasema. "Kaka, nakuomba, inatosha!"

Hakuacha mpaka alipoumaliza wimbo. Akanikabidhi la kahawia, akapokea fedha bila kuzitazama, akanipa mkono wa kuagana. Wa kushoto. Nikaupokea kwa woga tu. Niamini, ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu, zimejaa sugu.

Ndani ya lori nikajaribu kuimba puani. Hakuna. Nikajua wimbo ulikuwepo, nikajua unaanzia chini, lakini sauti yenyewe imefutika. Nikatazama vidole vyangu. Laini.

Nikamsimulia Rashidi. "Tulikusikia, kaka, mimi na wapagazi. Magitaa mawili yanajibizana. Lakini ghala lile limejaa mahindi mpaka darini. Tulikuwa tunajiuliza umeingilia wapi."

Kazi ya hoteli niliipata, kwa nyimbo za watu. Nimepiga miaka yote hii, na sugu hazijaota tena. Kila nikipiga navuja damu kama mwanafunzi. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni alasiri, gitaa likiwa ukutani peke yake. Linaanza kuvuma. Nikitega sikio kwenye tundu lake, ni Zainabu, mpaka kwenye kikohozi. Nikinyoosha mkono niishike noti ya kwanza tu, kimya.

Ukiniuliza kati ya yale mawili lipi bora kwa bluzi, nitakujibu kwa haki: la kahawia, na lilikuwa la bei rahisi kuliko yote niliyowahi kuona. Nunua unalotaka, mdogo wangu. Ila unapolijaribu mbele ya mtu usiyemjua, piga wimbo wa redioni. Wa marehemu wako uache nyumbani.