Nyuzi Chini ya Bampa

Jina la Kwanini alibandikwa na baba yake, siku alipomkuta ameketi sakafuni, redio ya nyumba nzima imefumuliwa mbele yake, akitafuta mahali anapokaa mtangazaji. Jina likamganda. Alijifunza kushona mapazia, akaolewa, akalea watoto mpaka wakaenda kujitegemea, na bado mtaa mzima ulimwita Kwanini. Wateja waliomwita kupima madirisha walijua kwamba kabla hajatoa futi kamba mkobani lazima wahojiwe. Mbona kitanda kimewekwa jua linakopiga? Mlango huu umeacha lini kufunga? Hakuwa mmbea. Jambo asilolielewa lilimnyima usingizi tu, basi.

Mumewe alikuwa fundi wa nyaya za simu, mtu wa kupanda nguzo, aliyestaafu na magoti yakiwa bado na nguvu. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kujionyesha. Kwa hiyo siku aliporudi nyumbani na gari jekundu la michezo, la zamani, la viti viwili, lenye pua ndefu na lililolala chini kama linanusa lami, Kwanini alitoka nje na pini bado ziko mdomoni.

"Mama watoto, usiseme kitu kwanza," mume aliwahi.

Alizitoa pini moja moja. "Sijasema. Nauliza tu: mtu anatokaje humo?"

Mjini gari lilikwenda vizuri. Mume alilipeleka sokoni na kwa kinyozi, akapita njia ndefu makusudi ili aonekane. Taabu ilianza walipokwenda kumsalimia dada mkubwa wa Kwanini, anayeishi mji wa pili. Walipoingia barabara kuu na mume kukanyaga mafuta, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda taratibu, ukapita katikati, ukagusa alama nyekundu. Wakaegesha pembeni. Mvuke ulifuka kwenye kingo za boneti, na mume akasimama akiutazama, kiuno kashika. Gari lilipopoa walirudi nyumbani polepole, bila salamu kufika.

Mdogo wake Kwanini alikuwa makanika mwenye gereji yake, na shemeji hakuwa na pa kwenda pengine. Fundi huyo alijua kazi. Alibadilisha thamostati. Akafungua rejeta, akaisafisha mpaka maji yakatoka meupe. Akapima kama gasketi imeungua, haikuungua. Akabadilisha na pampu ya maji. Kila mara aliacha injini ikinguruma uani kwa muda mrefu, feni ikijiwasha na kujizima inavyotakiwa, na mshale usitikisike. Kila mara mume akaingia barabara kuu kwa matumaini, na kila mara likachemsha.

Mwisho akalifunika turubai. Akasema atatafuta mteja.

Lakini jioni moja, akichungulia dirishani, Kwanini aliona upande mmoja wa turubai umekunjwa na mumewe ameketi ndani, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Hakuwa akifanya lolote. Alikuwa ameketi tu. Kwanini alirudi kwenye cherehani, akashona upindo mzima kisha akagundua kwamba hakuwa ametia uzi.

Walipokuwa wakila, alianza.

"Baba watoto, linaanzia wapi hasa kuchemsha? Mlimani?"

"Hata. Tambarare kabisa. Nikiongeza mwendo tu."

"Na kwenye foleni je?"

"Foleni halina neno. Siku ile ya mvua tulikwama mpaka watu wakazima magari. Mshale ulilala."

Mkono wa Kwanini ulisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. Aliwahi kukaa kwenye foleni za jua kali, madirisha wazi, akitokwa jasho; na akakumbuka nafuu ya upepo gari linapoanza kukimbia. Hili lilipoa likisimama, likachemka likikimbia. Lilikuwa kinyumenyume.

Asubuhi alikuwa gereji kabla mdogo wake hajafungua kufuli.

"Nieleze kama mtoto," alimwambia. "Rejeta inapozwa na nini?"

"Na upepo, dada. Ukiwa umesimama, feni ndiyo inayouvuta. Ukikimbia, upepo unaingia wenyewe, feni haina kazi."

"Unaingia kupitia wapi?"

Akili ya fundi ilikwenda kwenye pua ya gari lile: laini, imezibwa, haina hata tundu. "Kwa chini," alisema baadaye. "Haya magari yanavutia hewa chini ya bampa."

"Umeuona ukiingia?"

"Upepo hauonekani, dada yangu."

"Kwangu unaonekana kila siku. Pazia linafanya nini dirishani?"

Makanika aliangua kicheko, lakini Kwanini alikuwa tayari anapekua mkoba. Alitoa kibonge cha uzi wa sufu mweupe.

Turubai likatolewa, gari likaletwa gereji. Mume alisimama kando, mikono kifuani, akisema hataki kuvunjwa moyo tena. Lakini jicho lake halikubanduka. Kwanini alikata vipande vya uzi virefu kama kidole, na mdogo wake akavibandika kwa gundi ya karatasi chini ya bampa na mbele ya rejeta. Kisha wakaifunga kwa waya simu ya zamani ya fundi chini ya gari, jicho la kamera likitazama juu, kwenye nyuzi.

Kwanza waliacha injini ipate moto pale pale uani. Feni ilipojiwasha, nyuzi zilizokuwa zikining'inia zilinyanyuka zote kwa pamoja, zikaenda kunata kwenye rejeta. Hata mume akaguna.

Halafu akaenda nalo barabara kuu, peke yake, kipande kifupi tu, akarudi mshale ukiwa umeanza kupanda. Simu ikafunguliwa. Walijikusanya watatu, vichwa vikigongana, kuangalia kile kioo chenye nyufa. Mwendo ulipoongezeka, nyuzi za chini ya bampa zililala kuelekea nyuma kama nywele zinazochanwa. Hakuna hata mmoja ulioinuka kuelekea rejeta. Na zile zilizobandikwa mbele ya rejeta yenyewe zilitetemeka tu, hazijui ziende wapi.

"Unapita," Kwanini alisema polepole. "Upepo unapita chini, unaenda zake. Hakuna wa kuuambia kata kona."

Mdogo wake alishalala chali juu ya boksi, kurunzi mdomoni. Wakamsikia akipapasa. Kisha akaita: "Shemeji! Njoo uone." Ukingoni mwa bampa, kwa ndani, palikuwa na matundu ya bolti, mstari mmoja toka upande hadi upande, yamejaa kutu na udongo. "Hapa palikuwa na kitu. Si leo wala jana."

Mume alimpigia simu mwenye gari wa kwanza.

"Aa, ule mdomo wa plastiki?" sauti ilijibu kwa furaha. "Ulikuwa unakwaruza kila tuta, nikaung'oa. Kwani una kazi gani? Mimi gari lile sikuwahi kutoka nalo mjini, kazini na nyumbani basi."

Mume alikata simu, akatazamana na shemeji yake, na kicheko kikawashika wote wawili mpaka fundi akajigonga kichwa kwenye bampa.

Mdomo wa asili, wa kuupandisha upepo kwenye rejeta, haukupatikana mahali popote. Kwanini alichukua karatasi anayokatia ruwaza, akalala chini bila kujali gauni, akachora umbo la bampa. Wakakata kipande cha mpira wa madigadi ya lori, wakakifunga kwa bolti mpya. Barabarani mshale ulisita, wakawa roho mkononi. Halafu ukapanda vile vile. Walipotazama picha za simu waliona mpira umekunjwa nyuma na upepo, umelala kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

"Unataka mfupa," Kwanini alisema. Akaenda nyumbani, akarudi na reli ya pazia ya alumini. Mdogo wake aliipinda kufuata umbo, akaifunga nyuma ya mpira, akiacha ncha ya chini huru ili tuta likija ikunjike na kurudi.

Safari hii Kwanini alipanda mwenyewe kiti cha abiria. Mume aliongeza mwendo kidogo, akaongeza tena. Mshale ulifika chini ya katikati, ukakaa. Kisha mume akaacha kuutazama. Akawa anatazama barabara, akipiga mluzi wa wimbo ambao Kwanini hakuwa ameusikia tangu enzi za nguzo za simu, na hapo ndipo Kwanini alipojua kwamba kazi imekwisha.

"Tunarudi?" mume aliuliza.

"Turudi kwa nini, na kwa dada ni mbele?"

Dada mkubwa alitoka barazani mikono imejaa unga. Alilizunguka gari, akainama, akachungulia ndani. "Kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Hakipo, dada."

"Basi shuka wewe, mimi nipande."

Kwanini alijikongoja kutoka, akapewa kanga ya kushika na mlango wa nyumba wa kulinda. Alisikia injini ikiondoka, ikinyamaza nyuma ya nyumba za jirani, ikasikika tena mbali huko barabara kuu, nyembamba na sawa. Alivuta kiti, akaketi. Waliporudi, kilemba cha dada mkubwa kilikuwa shingoni, na hakutaka kushuka.