Ngazi Arobaini na Mbili

Juma lililopita Mama alirudi kutoka shifti, akaketi kwenye kochi letu hapa Barking, ughaibuni, na kuanza kujichua magoti. Harufu kali ya kafuri ilipopenya chumbani kwangu, nilifunga kompyuta. Tangu Mama Mdogo anipigie simu kutoka Thornton Heath, upande wa pili wa jiji, na kusema, "Wewe msomi usiye na kazi, tutafutie mji wa milimani, twende sote likizo, kuanzia mama yako mpaka mjukuu wangu mchanga," sikuwa nimepata usingizi wa maana. Nilikuwa nimelinganisha miji tisa. Nilipima hata umbali wa kutoka stesheni hadi duka la dawa. Lakini si miji iliyonifanya nikeshe. Lilikuwa swali moja tu: nimwambie Mama, au niendelee kunyamaza kama nilivyonyamaza miaka kumi na miwili?

Ngojeni niwaeleze, kisha mnihukumu wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Bibi mzaa mama alipokuja kututembelea kutoka Moshi. Maisha yake yote alifungua mlango asubuhi na kuuona mlima wenye theluji, ila hakuwahi kuigusa. "Jirani yangu miaka sabini," alisema, "na hajanipa mkono hata siku moja." Mama na mdogo wake wakaamua kumpeleka Uswisi wakati wa Pasaka, ingawa magoti yalikwisha kumlazimu kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Mama alikuwa akitunza wazee usiku na mchana, kwa hiyo kazi ya kuchagua mji akapewa yule mtoto aliyeshinda kwenye kompyuta.

Miji ilibaki miwili. Wa kwanza ulikuwa bondeni, tambarare, hoteli yake imetazamana na stesheni na uwanja wa kuegesha magari. Ulikuwa na sura mbaya. Wa pili ulining'inia mlimani, nyumba za mbao, maua madirishani, na hoteli yake ilikuwa na bwawa lenye mtelezo wa kuzunguka. Chini ya picha ya mtelezo, mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi arobaini na mbili, na lifti hakuna. Niliisoma sentensi ile mara mbili. Kisha nikarudi kwenye picha.

Mama aliuliza jambo moja tu, huku anavua viatu. "Kuna ngazi?"

"Chache tu," nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi tuliozaliwa huku.

Tulipofika, teksi ilitushusha chini ya ngazi zile. Mama alizitazama, akanitazama. "Hawakuandika," nilisema haraka. Mama Mdogo akaanza kuwalaani wenye hoteli kwa Kichaga. Mama akamwinamia Bibi kwenye kiti cha magurudumu. "Mama, tutafute kwingine?"

"Nitaziweza," Bibi alisema. "Msihangaike kwa ajili yangu."

Kwao Bibi, mgeni hamwambii mwenyeji kwamba malazi hayafai. Hata ukilazwa kwenye kitanda cha miiba, asubuhi utasema umelala vizuri. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa amechoka, na akalichukua neno lile kama lilivyo.

Alijaribu nne. Ya tano ikamshinda. Baba na mpishi wa hoteli wakambeba juu ya kiti cha kulia chakula, wageni wakipiga picha kutoka barazani. Bibi alivuta kitenge akajifunika uso. Hakutoka chumbani tena kwa siku nne. Mama alibaki naye, hivyo naye hakuuona mlima.

"Mume wangu," Bibi alinitania siku ya pili, "wenzako wakioa hujenga chini. Wewe umeniweka darini kama mahindi."

Nilicheka, kisha nikaenda kwenye mtelezo.

Siku ya tatu Baba alitupeleka kwenye theluji. Vile vibehewa vinavyopanda kwa kamba ya chuma vilianzia bondeni, kwenye mji ule wenye sura mbaya. Pale nilimwona kikongwe mmoja akitolewa ndani ya treni na kusukumwa moja kwa moja mpaka kwenye kibehewa. Kiti chake hakikuinuliwa popote. Kule juu niliijaza theluji kwenye chupa ya chai ya Mama. Chupa ilikuwa bado na joto la asubuhi. Nilichomletea Bibi ni maji yenye harufu ya tangawizi. Alichovya vidole, akajipaka usoni. "Ni baridi kweli," alisema. "Ahsante, mume wangu."

Alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo, kila tukikusanyika, Mama Mdogo huwalaani wenye hoteli, na Mama hukaa kimya. Nilidhani ni majonzi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimwambia Mama nililolisoma siku ile, na kwamba nililisoma mara mbili.

Hakunifokea. "Miaka yote hii," alisema, "nimemlaumu mama yangu. Nilisema ni kiburi chake kilichomfanya akatae tutafute kwingine. Nilimwambia hivyo uwanja wa ndege, tunaagana."

Jumatatu niliipigia simu hoteli ya bondeni, nikauliza kila kizingiti, nikalipia vyumba vitatu. Mama bado hajasema kama atakuja.