Gugu Lililofunga Mahali pa Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulikatakata lile gugu. Nalisema mapema kwa sababu nimelificha miaka mingi.

Mama aliwafulia watu nguo kando ya bwawa, chini ya mtaa wetu wa Laini Saba. Mbele ya jiwe lake palikuwa na maji wazi, eneo kubwa kama chumba chetu. Kisha gugu likaja: majani madogo yenye manyoya, yanayoelea yameshikana kama mkeka. Kila asubuhi maji wazi yalikuwa yamepungua. Mama alisogeza magoti, akasogeza tena, hadi beseni likakosa pa kuzama. Nilimtazama nikahisi ni mimi ninayebanwa.

Akaniachia kazi ya kulitoa. Kulivuta niliweza, ila kulipandisha hadi nchi kavu, likiwa limejaa maji vile, kulinishinda. Basi nikafanya nilichokijua. Nyumbani nilisifiwa kwa kukata mboga za sukuma nyembamba kama nyuzi. Nikachukua kisu, nikalikata gugu vivyo hivyo, nikavirudisha vipande majini vikaoze. Vilivyobaki vinene nilivikata upya.

"Odhis, leo ugali na gugu?" akanicheka Mama Nekesa, aliyefua jirani yetu, kisha akamgeukia mama. "Mama Odhiambo, huyu mpeleke hoteli akapike!"

"Mwache," mama akasema. "Huyu akishika kazi, anaimaliza."

Baada ya wiki chache vipande vyangu vilikuwa vimechipua, kila kimoja na majani yake. Hapakubaki maji ya kuchota hata kwa kikombe.

"Sasa hii imetoka wapi yote?" Mama Nekesa akauliza.

Mama akanigeukia. Kosa la pili: nikasema ni upepo umelisukuma. Aliinua beseni na nguo za watu, chafu vilevile, akapanda kilima.

Kwa kuwa mama hakuwa tena na pa kufulia, tulihamia mtaa wa Kawangware. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia nyama, na ni humo nilimokuta kwamba kila kipande cha gugu lile huwa mmea mpya. Nilikaa na karatasi hiyo mfukoni hadi ikachanika. Mwezi uliopita nilimweleza mama yote. Alikamua shati mpaka mwisho, akalianika.

Siku hizi anafua kwenye bomba la mwenye nyumba, akingoja zamu, na anajua ni kwa sababu yangu.