Kunde za Karata

Mjomba wangu alitengwa kanisani kwa sababu ya karata. Alikuwa kibarua wa mkonge huko tambarare, na Jumamosi alicheza na wenzake waliotoka mikoa ya mbali, wakiwekeana dau la jogoo, sabuni, hata nafaka. Aliyemshtaki mbele ya wazee wa kanisa alikuwa shemeji yake, yaani baba yangu. "Mcheza kamari anamjaribu Mungu," alisema, kifua mbele.

Sasa sikilizeni alichokuwa akifanya huyo mtakatifu. Sisi tuliishi Gonja, milimani, na shamba letu lilikuwa Maore, chini kwenye joto. Kila mwaka, kabla hata wingu halijaonekana, baba alishusha mahindi na kunde akazifukia kwenye vumbi kavu, ili mvua ikija izikute ardhini. Isipokuja, mbegu zinaliwa na kwale na panya. Hiyo iliitwa bidii. Mkulima hodari, loo!

Mwaka mmoja wa enzi za ruksa, maduka ya Same yamefurika mitumba na sisi matumbo matupu, alifukia mbegu zote. Mvua ikagoma. Akauza mbuzi, akanunua mbegu nyingine, akafukia tena. Kwale walinona. Mama alituchemshia ndizi changa tu, mpaka miguu ya mdogo wangu ikavimba. Zahanati wakasema mtoto ale kunde.

Mjomba akapanda mlima na debe la kunde begani. Baba akauliza zimetoka wapi. Mjomba hakuwa mwongo.

"Nimezishinda kwenye karata, shemeji."

"Basi hazipikwi hapa! Kwangu hailiwi dhambi."

Mama akamwonyesha miguu ya mtoto. Baba akatazama pembeni. Nilidhani atazitupa. Thubutu! Alfajiri alijitwika debe lile lile, akateremka nalo Maore kupanda. Kula kunde za karata ni dhambi, kuzipanda siyo. Hebu niambieni, hiyo ni dini gani? Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema.

Mvua haikunyesha. Jumapili kanisa zima lilimwombea baba, mtu wa imani aliyepanda mara tatu bila kukata tamaa. Mjomba alikuwa amekaa nje, kwenye jiwe karibu na mlango.

Mama hakuitikia amina. Aliinuka na mdogo wangu mgongoni, akatoka, akamwambia mjomba kwa sauti iliyotufikia wote ndani:

"Kaka, ukishinda kunde tena usizilete nyumbani. Nitashuka na sufuria, nizipike huko huko kwako."