Ujira wa Lasmi

Kule katika mji wa Blitar watu walimsifu Wartini kwamba banda lake la kuku wa mayai lina faida hata bei ya chakula inapopanda. Naye aliamini hivyo, mpaka wifi yake Lasmi, mjane aliyekuwa akimwokotea mayai na kuzoa mbolea, alipougua kifua kwa vumbi la banda akalala nyumbani.

Wartini akaajiri kibarua. Mwezi ulipoisha, alitoa kwenye mapato gharama ya chakula, chanjo na ujira wa yule kibarua, na hakikubaki kitu. Akarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Haya ikamshika. Faida aliyojivunia miaka yote ilikuwa jasho la Lasmi, ambaye Wartini hakuwahi kumpa zaidi ya wali, tempe ya soya na nguo ya Idi.

Akauza kuku wazee waliokuwa wakila bila kutaga, na mbolea aliyozoea kuigawa bure akaanza kuwauzia wakulima wa pilipili. Faida ilirudi, ingawa ndogo. Ndipo akamwendea Lasmi.

"Wifi, kuanzia sasa nitakulipa kila mwezi."

Lasmi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ilibidi niugue ndipo nihesabiwe? Mbona kuku ulikuwa unawahesabu!"

"Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Na kifua changu je?"

Wartini alimpeleka hospitali, akamkataza kuingia bandani tena. Siku hizi Lasmi hupanga mayai barazani kwa mshahara, na kila akikohoa, Wartini huinamisha macho.